Lenzi ya Kale Kwenye Kamera ya Fomati Kubwa: Kuitambua, Kuipima na Kuifunga

Lenzi nyingi za kale huuzwa bila flanji (pete ya kuifungia lenzi kwenye kamera), bila kifuniko na bila shata (kifaa cha kufungua na kufunga mwanga), na maandishi yake mara nyingi yamefutika nusu. Bado zinafaa kabisa kupigia picha kwenye kamera ya fomati kubwa, yaani inayotumia vipande vya filamu vya inchi 4×5 au zaidi. Jina lililochorwa kwenye bomba la shaba husaidia, ila vioo vyenyewe ndivyo vinavyoeleza lenzi itafanya nini: viko vingapi, vimepangwaje, urefu wa fokasi ni upi, na duara la picha, yaani eneo ambalo lenzi huliangazia kwenye filamu, lina upana gani. Yote hayo hupimika mezani kwa tochi, rula, kalipa na karatasi. Pima kwanza. Ubao wa kushikia lenzi mbele ya kamera hutobolewa mwishoni, kwa sababu tundu lililokatwa kwa kukisia huharibu ubao, na thredi iliyolazimishwa huharibu lenzi ambayo haitengenezwi tena.

Maandishi na umbo la nje

Soma kila kitu kilichochorwa kwenye bomba, kisha ufungue kwa mkono pete ya mbele utazame na ndani. Mji ni kidokezo kizuri cha umri. Voigtländer walianzia Vienna, kisha wakafungua kiwanda Braunschweig mwaka 1849, kwa hiyo lenzi iliyoandikwa Wien (Vienna kwa Kijerumani) peke yake na ile iliyoandikwa Braunschweig si za kipindi kimoja. Darlot na Hermagis ni wa Paris, Ross na Dallmeyer ni wa London. Herufi D.R.P. ni hataza ya Ujerumani.

Mfumo wa kupunguza tundu, yaani uwazi unaopitisha mwanga ndani ya lenzi, nao unaeleza mengi. Mpasuo mwembamba juu ya bomba, wa kutumbukizia vibamba vyenye matundu, ni mfumo alioubuni John Waterhouse mwaka 1858. Irisi ya kuzungusha, yenye majani membamba yanayofungua na kufumba tundu, ilikuja kuwa ya kawaida baadaye, kuelekea mwisho wa karne ya 19. Bomba lenye gurudumu la meno la kusogeza vioo, lakini lisilo na mpasuo wala irisi, mara nyingi ni lenzi ya projekta ya taa. Usiidharau: ndani yake huwa na mpangilio uleule wa lenzi ya picha za sura, na hupiga vizuri. Tofauti ni kwamba huwezi kupunguza tundu lake bila kutengeneza kizuizi chako mwenyewe.

Kuhesabu nukta za mwanga

Hiki ndicho kipimo cha kuaminika kuliko maandishi. Fungua kundi moja la vioo kwa kulizungusha kutoka kwenye bomba. Lishike chini ya taa moja, katika chumba chenye giza kiasi, na ulielekeze mpaka uone taa ikijirudia ndani ya kioo. Kila uso wa kioo unaogusa hewa hurudisha nukta kali. Mahali ambapo vioo viwili vimegandishwa kwa balsamu (gundi angavu) hurudisha nukta hafifu sana, pengine utaiona tu ukitikisa mkono polepole. Hesabu kali na hafifu kando kando, kundi la mbele na la nyuma.

Mbele kali 2 na hafifu 1, nyuma kali 4: hiyo ni Petzval. Joseph Petzval aliibuni mwaka 1840, na Voigtländer wakaitengeneza ikiwa na tundu la takriban f/3.6 (namba hii ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu). Hutoa ukali katikati na kulainika kwa haraka kuelekea kingo, huku mandhari ya nyuma ikionekana kama inazunguka.

Kali 2 na hafifu 1 mbele, na vivyo hivyo nyuma: ni Rapid Rectilinear ya Dallmeyer au Aplanat ya Steinheil, zote za mwaka 1866, au mojawapo ya nakala nyingi zilizofuata chini ya majina ya kila namna. Hufungua karibu f/8. Hizi ndizo lenzi za kale zinazopatikana kwa wingi, na kwa anayeanza hakuna bora zaidi. Nusu yake moja inaweza kutumika peke yake ikiwa na urefu wa fokasi unaokaribia mara mbili, mradi mvukuto wako (sehemu inayokunjuka kati ya lenzi na filamu) unafika.

Kali 2 na hafifu 2 kila upande: vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja mara mbili, yaani Dagor ya Goerz ya mwaka 1892 au ndugu zake. Kali 4 mbele, kisha kali 2 na hafifu 1 nyuma: Tessar, iliyotoka Zeiss mwaka 1902. Kali 4 kila upande: vioo vinne vilivyotengana kwa hewa. Kundi moja tu, lenye kali 2 na hafifu 1, huku kizuizi cha tundu kikiwa mbele yake: lenzi rahisi ya mandhari.

Kundi la nyuma la Petzval linahitaji tahadhari ya pekee. Vioo vyake viwili havijagandishwa, vimetenganishwa kwa pete, na vikitolewa hudondoka. Kabla ya kufungua, laza kundi juu ya kitambaa, kisha kila kioo kinapotoka chora kwa penseli kwenye ukingo wake mshale unaoelekea upande wa mtu anayepigwa picha. Lenzi nyingi za aina hii zimewahi kusafishwa na mtu akarudisha kioo kimoja kichwa chini. Dalili yake ni picha isiyokuwa kali hata katikati. Katika mpangilio wa awali, kioo chembamba katikati hukaa upande wa mbele wa kundi na kile kinene katikati hukaa nyuma. Dallmeyer aligeuza mpangilio huo katika lenzi zake za sura za mwaka 1866, ambazo kundi lake la nyuma linaweza kulegezwa kwa makusudi ili kulainisha picha.

Hali ya vioo

Mapovu madogo ndani ya kioo si kasoro, ni tabia ya vioo vya wakati ule. Mikwaruzo myembamba ya kusafishia hupunguza mkolezo kidogo tu. Mkwaruzo mmoja mkubwa upake wino mweusi: sehemu iliyotiwa weusi haitawanyi mwanga. Kuvu ni jambo zito zaidi, kwani hula uso wa kioo.

Balsamu iliyoachana huonekana kama rangi za upinde wa mvua au umanjano unaotambaa kutoka ukingoni. Ikiwa iko ukingoni tu, lenzi inapiga picha vizuri. Usijaribu kuitibu kwa maji ya moto wala kuloweka kundi katika kiyeyushi chochote, maana joto na dawa ndivyo vinavyoyeyusha kiungo hicho. Safisha uso kwa kipulizio, kisha brashi laini, kisha pamba yenye unyevu kidogo wa alkoholi, ukianzia katikati kwenda nje. Pamba iliyolowa sana hupenyeza maji kwenye kiungo.

Vanishi ya rangi ya dhahabu kwenye shaba ni ya asili. Iache. Lenzi iliyong'arishwa kwa dawa ya kusugulia hupoteza maandishi yake taratibu, na chembe za dawa huishia kwenye thredi.

Urefu wa fokasi na ukubwa wa tundu

Shikilia lenzi kwa muda kwenye ubao wa kadibodi ngumu ukitumia utepe, ukaiweke kwenye kamera. Fokasi kitu kilicho mbali sana, mita mia kadhaa, na uweke alama kwenye reli ilipo fremu inayosogea. Sasa fokasi rula mpaka milimita 50 zake zionekane milimita 50 kwenye kioo cha ukungu, kile cha kutazamia picha nyuma ya kamera. Weka alama ya pili. Umbali kati ya alama hizo mbili ni urefu wa fokasi, bila kujali lenzi ni ya aina gani. Mvukuto mfupi? Fokasi mpaka milimita 100 za rula zionekane 50, kisha zidisha umbali wa alama kwa 2. Kwa robo ya ukubwa zidisha kwa 4. Njia hii ni bora kuliko kupima kutoka katikati ya bomba hadi kwenye picha: hiyo hukaribia ukweli kwa lenzi zenye pande mbili sawa, na hukosea wazi kwa Petzval.

Kupata tundu: ukiwa bado umefokasi mbali, weka mahali pa kioo cha ukungu kadibodi yenye kitobo cha sindano katikati, uangaze tochi nyuma yake. Weka karatasi nyembamba mbele ya lenzi. Utaona duara la mwanga. Pima kipenyo chake, kisha gawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo hicho. Lenzi ya mm 210 yenye duara la mm 58 ni f/3.6.

Namba zilizochorwa kwenye irisi ya kale usiziamini kabla ya kuzichunguza. Lenzi nyingi za Uingereza na Marekani zilitumia mfumo wa U.S. (Uniform System, si jina la nchi), ambamo namba huongezeka maradufu kila mwanga unapopungua nusu. Humo 4 ni f/8, 8 ni f/11, 16 ni f/16, 32 ni f/22, 64 ni f/32 na 128 ni f/45. Mifumo miwili inakutana kwenye 16 peke yake. Kuna viwanda vya bara la Ulaya vilivyohesabu kinyume, namba kubwa ikiwa tundu kubwa. Kipimo cha karatasi kinamaliza ubishi.

Kama vibamba vya Waterhouse vimepotea, vitengeneze kwa kadibodi nyeusi ngumu au bati jembamba la shaba lenye unene wa takriban mm 0.5, lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Jambo linalowakosesha wengi: tundu la kibamba si sawa na duara linaloonekana kutoka mbele, kwa sababu kundi la mbele hulikuza. Kata kibamba kimoja chenye tundu la mm 20 na urudie kipimo cha karatasi. Ukipata mm 22, ukuzaji ni 1.1. Basi kwa lenzi ya mm 210, f/8 inahitaji duara la mm 26.3, na tundu la kukata ni 26.3 kugawanya kwa 1.1, yaani karibu mm 24. Ukimaliza, funika mpasuo kwa ukanda wa felti au raba, la sivyo mwanga utaingilia hapo juu na kufifisha picha nzima.

Je, itafunika filamu yako?

Zidisha urefu wa fokasi kwa namba inayolingana na aina ya lenzi: Petzval 0.5, Rapid Rectilinear 0.8, Tessar 1.1, Dagor iliyopunguzwa tundu 1.4. Jibu ni kipenyo cha duara lenye picha nzuri. Mshazari wa filamu ya inchi 4×5 ni karibu mm 153, wa 5×7 karibu mm 210, na wa 8×10 karibu mm 312. Rapid Rectilinear ya mm 300 inatoa kama mm 240: inatosha 5×7 na kubaki na nafasi kidogo ya kusogeza fremu, lakini kwa 8×10 pembe zitalainika au kuingia giza.

Kwa Petzval hesabu hii ni kali mno kama unapenda kingo zake zinazozunguka. Mwanga wake hufika mbali kuliko ukali wake, na wapigaji wengi huichagua kwa filamu kubwa kuliko duara lake kwa makusudi.

Thredi na flanji

Flanji ni ile pete bapa yenye thredi ndani na matundu ya skrubu kandokando. Ikiwepo, nusu ya kazi imekwisha. Ikikosekana, pima kipenyo cha nje cha thredi kwa kalipa. Kisha kandamiza karatasi juu ya thredi, sugua kwa penseli, na uhesabu mistari katika milimita 10. Mistari 10 kamili ni hatua ya mm 1. Mistari tisa na nusu hivi ni thredi 24 kwa inchi, kiwango cha lenzi nyingi za Uingereza.

Hizo mbili zinakaribiana kwa namna ya hatari. Thredi 24 kwa inchi ina hatua ya mm 1.06, kwa hiyo huingia kwenye flanji ya mm 1 mzunguko mmoja au miwili kwa ulaini, kisha inakaza. Hapo ndipo watu wanapoongeza nguvu, na shaba laini inachanika. Lenzi ikikaza kabla ya kufika mwisho, itoe. Anza kila mara kwa kuizungusha kinyume mpaka usikie kimlio kidogo cha thredi zikikutana, ndipo uanze kufunga.

Flanji mpya iliyochongwa na fundi wa mashine ya kukereza chuma ndiyo suluhisho la kudumu. Mpelekee lenzi yenyewe badala ya vipimo peke yake, ikiwa imetolewa vioo.

Bila fundi, unaweza kuumba thredi kwa epoksi. Chukua pete ya plaiwudi yenye tundu lililozidi thredi kwa mm 2 hadi 3, sawa na mm 1 hivi kila upande. Toa vioo vyote. Safisha thredi kwa brashi, ipake nta matabaka mawili au matatu, kila moja likikauka na kusuguliwa. Weka lenzi wima katikati ya pete, ujaze nafasi kwa epoksi iliyochanganywa na vumbi laini la mbao. Usisubiri ikauke kabisa: ikifikia ugumu wa raba, zungusha lenzi robo mzunguko, kisha itoe na uiache pete ikauke saa 24. Fanya kwanza jaribio la nta na epoksi hiyohiyo kwenye bolti chakavu. Kiungo kikishika thredi halisi, dawa inayobaki ni joto, na shaba ya kale iliyopashwa moto hupoteza vanishi yake.

Njia ya tatu ni kishikio cha irisi: pete yenye meno mapana yanayokaza bomba lolote kutoka pande zote. Kinafaa kwa kubadilisha lenzi nyingi nyepesi. Kwa lenzi nzito ya sura hakifai, maana huteleza kamera inapoinamishwa.

Ubao

Pima kwanza kama sehemu ya nyuma ya lenzi inapita kwenye uwazi wa fremu ya mbele ya kamera. Bomba lenye gurudumu la meno mara nyingi huwa na sehemu ndefu nyuma ya flanji. Uzito nao ni muhimu: ubao mdogo wa mm 96×99 wa mtindo wa Linhof haukukusudiwa kubeba Petzval ya kilo mbili. Kwa lenzi kubwa tumia ubao wa Sinar wa mm 140 au ule mpana wa kamera ya mbao, na uweke kitegemeo chini ya bomba ikiwa fremu inainama.

Plaiwudi ya birchi ya mm 5 au 6 inatosha. Kata tundu lililozidi bomba la nyuma ya flanji kwa mm 1, usawazishe kwa tupa na msasa. Kabla ya kutoboa matundu ya skrubu, funga lenzi kwenye flanji mpaka mwisho, kisha izungushe yote pamoja hadi mpasuo wa Waterhouse au alama ya irisi ielekee juu. Weka alama hapo. Ukiruka hatua hii, mpasuo unaweza kuishia chini na vibamba vikadondoka kila unapopiga picha.

Toboa matundu ya kuongoza yaliyo membamba kuliko skrubu, tumia skrubu za shaba zenye kichwa kinachozama, fupi kuliko unene wa ubao. Zikaze kwa zamu, zinazokabiliana kwanza, kidogo kidogo. Flanji ikikaa juu ya ubao uliopinda, mhimili wa lenzi hupinda nao. Paka rangi nyeusi isiyong'aa ukingo wa tundu na upande wa nyuma wa ubao.

Shata

Kwa filamu ya kasi ndogo na tundu dogo, kifuniko cha lenzi ni shata kamili kuanzia sekunde moja na kuendelea. Inua kifuniko polepole bila kukitoa mbele ya kioo, subiri mtikisiko utulie, kisha kiondoe.

Kwa muda mfupi zaidi kuna njia kadhaa. Packard ni shata ya upepo inayofungwa nyuma ya ubao na kuendeshwa kwa kubonyeza tufe la mpira. Uwazi wake lazima uzidi kioo cha nyuma cha lenzi. Thornton-Pickard walitengeneza shata ya pazia inayovikwa mbele ya bomba. Kamera ya Speed Graphic ina pazia lake yenyewe mbele ya filamu, lenye kasi hadi 1/1000, na kwa lenzi isiyo na shata sijui njia iliyo rahisi kuliko hiyo.

Kufunga lenzi mbele ya shata kubwa kama Copal 3 kunawezekana ikiwa kioo cha nyuma hakizidi sana uwazi wa shata, vinginevyo pembe za picha zitaingia giza. Kuhamisha makundi ya vioo kutoka kwenye bomba kwenda ndani ya shata ni hatari zaidi. Nafasi kati ya makundi lazima ibaki ileile. Rapid Rectilinear husamehe kosa dogo, lakini lenzi ya vioo vinne vilivyotengana huharibika kwa sehemu ya milimita.

Majaribio

Ingia chumba chenye giza, funika lenzi, jifunike kitambaa cheusi nyuma ya kamera, na mwenzako azungushe tochi kandokando ya ubao. Mwanga ukionekana, ongeza felti nyembamba chini ya flanji.

Kisha fokasi ukuta uliobandikwa magazeti. Ukali unapaswa kupungua sawasawa kwenye pembe zote nne. Upande mmoja ukibaki mkali huku wa pili ukilainika, ubao umepinda au flanji haijakaa bapa. Pembe zote zikilainika kwa Petzval, ndivyo ilivyo.

Fokasi ukiwa kwenye tundu lilelile utakalopigia. Lenzi nyingi za kale huhamisha mahali pa ukali zinapopunguzwa tundu, na picha iliyofokasiwa kwenye tundu kubwa hutoka laini kwenye f/16. Lenzi za miaka ya mwanzo zina jambo jingine: mwanga wa buluu, ambao mabamba ya zamani na filamu nyingine nyeusi na nyeupe huusikia zaidi, hukusanyika mahali tofauti na mwanga ambao jicho linauona. Simamisha rula kwa mshazari, fokasi alama ya katikati, piga picha moja, na uone ni alama ipi iliyotoka kali. Tofauti hiyo haibadiliki kwa umbali huohuo na tundu hilohilo, kwa hiyo iandike nyuma ya ubao pamoja na urefu wa fokasi na orodha ya matundu halisi.

Vioo hivi havina tabaka la kuzuia mng'ao, hivyo kivuli mbele ya lenzi ni cha lazima jua likiwa upande wa mbele. Na kwa picha za karibu usisahau kuongeza mwanga: gawanya umbali wa lenzi hadi filamu kwa urefu wa fokasi, zidisha jibu kwa lenyewe. Lenzi ya mm 300 iliyovutwa hadi mm 450 inahitaji muda mara 2.25.